Sera ya Afya na Ustawi Shuleni Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi Wanaozungumza Kiswahili

Maswali haya yamekusanywa katika mikutano ya wazazi, nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada, na katika maegesho ya shule saa za kusubiri watoto. Wengi wa waulizaji ni familia zilizotoka Kivu zikapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma kabla ya kufika Marekani. Wengine ni Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo au kazi. Majibu yanafuata sheria ya shirikisho, ambayo ni moja kwa nchi nzima, na pale ambapo jimbo lina kanuni yake, jibu linasema hivyo. Maneno "wilaya ya shule" yanamaanisha mamlaka inayosimamia shule za umma za mji au eneo fulani, wala si wilaya ya kiserikali kama tulivyoizoea Tanzania.

## Mambo ya msingi

1. Sera hii ni nini hasa?

Ni maandishi rasmi ambayo wilaya ya shule huyapitisha ili kueleza namna itakavyowasaidia wanafunzi kula vizuri na kuushughulisha mwili wakiwa shuleni. Sheria inataka maandishi hayo yawe na malengo yanayotajwa wazi kuhusu elimu ya lishe, mazoezi ya mwili na shughuli nyingine za kuimarisha afya ya wanafunzi. Yawe pia na viwango vya vyakula na vinywaji vyote vinavyouzwa shuleni saa za masomo. Tena yawe na viwango vya vyakula vinavyogawiwa bila kuuzwa, kama vile vya sherehe za darasani. Na masharti ya matangazo ya vyakula. Vilevile ni lazima yataje cheo cha ofisa anayewajibika kuhakikisha kwamba kila shule inayafuata.

Wazazi wengi hudhani kuwa sera hii ni orodha ya vyakula vilivyopigwa marufuku. Ni pana kuliko hapo. Ndani yake ndimo mnamoamuliwa ikiwa mtoto wa darasa la pili atatoka nje kucheza kila siku, ikiwa mwalimu anaruhusiwa kumzawadia peremende kwa kumaliza hesabu, na ikiwa timu ya mpira itauza soda mchana wa masomo ili ipate jezi.

2. Ilianza lini, na kwa nini?

Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozitaka wilaya zote zinazopokea fedha za mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana shuleni ziwe na sera ya namna hii ifikapo mwaka wa masomo ulioanza baada ya tarehe 30 Juni 2006. Mpango wenyewe wa chakula ni wa zamani zaidi, kwani ulianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mwaka 1946, enzi ambazo hofu ya viongozi ilikuwa watoto waliokonda kwa kukosa chakula. Miongo kadhaa baadaye hofu iligeuka: takwimu za afya za miaka ya 2017 hadi 2020 zilionyesha kuwa karibu mtoto 1 kati ya 5 nchini humo ana unene wa kupindukia.

Sheria ya mwaka 2004 ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba wilaya iliweza kuandika sera, ikaiweka kabatini, na asitokee mtu wa kuiulizia. Sheria mpya, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama Desemba 2010, ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Wizara ya Kilimo, ambayo ndiyo inayosimamia vyakula vya shule katika nchi hii, ilitoa kanuni kamili Julai 2016 na kuzipa wilaya hadi tarehe 30 Juni 2017 kuzitekeleza. Tangu hapo kila wilaya inatakiwa kuwaeleza wananchi kila mwaka hali ya sera yake, na angalau mara moja kila miaka 3 kupima kama inafuatwa na kuyaweka matokeo hadharani.

3. Je, kila shule inatakiwa kuwa nayo? Mwanangu yuko shule ya kanisa.

Wajibu huu unafuata fedha. Shule inayoshiriki katika mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana au cha asubuhi inabanwa nao, iwe ya umma, ya mkataba ("charter", yaani ya umma inayoendeshwa kwa mkataba), au ya binafsi, ikiwamo ya kanisa au ya Kiislamu. Shule ya binafsi isiyoshiriki katika mipango hiyo haibanwi, ingawa inaweza kujiwekea sera kwa hiari. Njia rahisi ya kujua ni kuuliza ofisini ikiwa chakula cha shule kinalipiwa na serikali.

4. Nitaipata wapi sera ya shule ya mtoto wangu?

Anzia kwenye tovuti ya wilaya, kwa kawaida katika ukurasa wa huduma za chakula au wa sera za bodi ya shule. Usipoiona, nenda ofisini ukaiulize kwa jina lake la Kiingereza, "wellness policy", kwa sababu ukisema tu kwamba unataka kanuni za chakula, yumkini utapewa ratiba ya milo ya mwezi. Ni waraka wa umma, na huhitaji kueleza sababu ya kuutaka.

Ukishaupata, tafuta mambo mawili kabla ya kusoma mengine: tarehe ya mara ya mwisho uliporekebishwa, na cheo cha ofisa anayewajibika. Kama tarehe ni ya zaidi ya miaka 10 iliyopita, hilo tayari ni jambo la kuulizia. Kuhusu mkalimani, tazama swali la 17.

## Chakula kinachotolewa na shule

5. Kwa nini mwanangu analazimishwa kuchukua tunda asilolitaka?

Chakula cha mchana cha shule kina sehemu 5: matunda, mboga, nafaka, nyama au mbadala wake kama maharage na mayai, na maziwa. Serikali huilipa shule fedha kwa kila mlo uliotimiza masharti. Katika shule za sekondari ya juu, na katika shule nyingi za madarasa ya chini zilizochagua kufanya hivyo, mtoto si lazima achukue zote 5. Anatakiwa achukue angalau 3, na moja kati ya hizo iwe nusu kikombe cha tunda au mboga. Mhudumu anayemrudisha mtoto kuchukua tufaha anafuata sharti hilo, kwa sababu mlo usio na tunda wala mboga hauhesabiwi kuwa mlo kamili.

Si lazima mtoto alile. Hata hivyo, mtoto aliyezoea embe na papai kuona tufaha baridi lisilo na harufu ni chakula cha adhabu ni jambo linaloeleweka, na linastahili kusemwa. Wapishi wa shule hupanga milo kwa kuangalia kinachorudi kwenye sahani, na wazazi wakisema kwamba watoto wao wangekula maharage, viazi vitamu au kabichi ya kukaanga, wanasema jambo ambalo tayari linaingia katika kanuni: mboga za majani ya kijani, za rangi nyekundu na ya machungwa, jamii ya maharage, za wanga na nyinginezo zote zinatakiwa zionekane ndani ya wiki moja.

6. Maziwa yanamwumiza mwanangu tumbo. Nifanyeje?

Jambo hili ni la kawaida sana kwa watoto wenye asili ya Afrika, ambao miili ya wengi wao hupunguza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wanapokua. Andika barua fupi kwa idara ya chakula ukiomba maziwa yasiyo na laktosi, yaani sukari hiyo. Shule inaruhusiwa kuyatoa, na hayo yanahesabiwa kama maziwa ya kawaida. Ukiomba kinywaji mbadala kama cha soya, shule inaweza kukubali kwa barua yako tu. Pia, penye utaratibu ulioelezwa katika swali la 5, mtoto anaweza kuyaacha maziwa na mlo wake ukabaki kamili.

7. Sisi ni Waislamu. Je, shule inalazimika kutoa chakula cha halali?

Sheria ya shirikisho inazishauri shule kuzingatia dini na mila za wanafunzi, lakini haizilazimishi. Kwa hiyo jibu hutofautiana sana kati ya wilaya na wilaya: nyingine hutoa mlo usio na nyama kila siku na kuweka alama ya nguruwe kwenye ratiba, na chache hununua nyama ya halali. Omba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa, yaani alama kwenye kila chakula chenye nguruwe na mlo mmoja wa maharage, samaki au jibini kila siku. Mtoto mdogo afundishwe pia majina ya Kiingereza ya vyakula vya nguruwe, kwa sababu ni majina mengi na mengine hayana neno linalomaanisha nguruwe ndani yake.

Mzio na maradhi ni jambo tofauti kabisa. Kama mtoto ana mzio wa karanga, mayai au kitu kingine, au ana kisukari, shule inalazimika kumbadilishia chakula bila kukutoza nyongeza, mradi ulete maelezo ya maandishi kutoka kwa daktari au mtaalamu mwingine wa afya mwenye leseni ya jimbo. Usiyapeleke maelezo hayo kwa mwalimu peke yake. Peleka nakala kwa muuguzi wa shule na nyingine kwa idara ya chakula.

8. Je, hadhi yetu ya uhamiaji inaweza kumzuia mtoto kupata chakula?

Hapana. Mtoto anayestahili kusoma shule ya umma anastahili pia milo ya shule, na hilo limeandikwa katika sheria ya shirikisho yenyewe. Fomu ya chakula cha bure huuliza idadi ya watu nyumbani, mapato, na tarakimu 4 za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima mmoja. Asiye na namba hiyo hutia alama kwenye kisanduku cha kusema hana, na fomu inaendelea.

Familia yenye mapato yasiyozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini hupata chakula bure. Kutoka hapo hadi asilimia 185 hulipa bei iliyopunguzwa, isiyozidi senti 40 kwa mlo wa mchana na senti 30 kwa wa asubuhi. Familia inayopokea msaada wa chakula wa serikali kwa kawaida huingizwa moja kwa moja bila fomu. Kuna shule nyingi zinazolisha watoto wote bure kwa sababu ziko maeneo ya kipato cha chini, na kuna majimbo, kwa mfano California, Maine, Minnesota na Colorado, yaliyoamua kulipia milo ya wanafunzi wote wa shule za umma.

## Vitafunio, sherehe na vyakula vya nyumbani

9. Ni vitafunio gani vinaruhusiwa kuuzwa shuleni?

Tangu mwaka wa masomo ulioanza 2014, chochote kinachouzwa kwa wanafunzi nje ya mlo rasmi, iwe dukani, kwenye mashine au na kikundi cha wanafunzi, kinatakiwa kutimiza viwango vya kitaifa. Kitafunio kisizidi kalori 200 na miligramu 200 za sodiamu; chakula kikuu kinachouzwa peke yake kisizidi kalori 350 na miligramu 480 za sodiamu. Mafuta yasizidi asilimia 35 ya kalori, na sukari isizidi asilimia 35 ya uzito. Tena, nafaka nzima, tunda, mboga, maziwa au chakula cha protini kiwe ndicho kiambato cha kwanza, au chakula hicho kiwe na angalau robo kikombe cha tunda au mboga.

Upande wa vinywaji, maji safi hayana kipimo. Maziwa na juisi halisi huuzwa hadi aunsi 8, karibu mililita 240, kwa shule za msingi, na aunsi 12 kwa madarasa ya juu. Vinywaji vyenye kafeini haviuzwi ila katika shule za sekondari ya juu.

Viwango hivyo vinahesabu "siku ya shule" kuanzia saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo hadi dakika 30 baada ya kengele ya mwisho. Mechi ya saa moja jioni haimo, isipokuwa wilaya yenyewe imeamua kukaza zaidi, jambo ambalo inaruhusiwa kulifanya.

10. Tulitaka kuuza sambusa na maandazi kuchangia safari ya darasa, tukakataliwa. Ni haki?

Huenda ni haki. Biashara ikifanyika wakati wa siku ya shule, vyakula vinatakiwa kutimiza viwango vya swali la 9, na andazi la unga mweupe lililokaangwa halitimizi. Hata hivyo kila jimbo lina mamlaka ya kuruhusu idadi fulani ya michango isiyofuata viwango, na lisipoweka idadi yoyote, hakuna inayoruhusiwa. Uliza ofisini idadi ya jimbo lenu ni ipi na kama shule imekwisha kuitumia.

Njia nyepesi ni kuuza baada ya zile dakika 30, jioni ya mkutano wa wazazi au siku ya Jumamosi. Mnaweza pia kuchukua oda wakati wa shule na kuwapa watu sambusa wazipeleke nyumbani, kwa kuwa chakula kisichokusudiwa kuliwa shuleni hakibanwi na viwango hivyo.

11. Naruhusiwa kupeleka keki darasani siku ya kuzaliwa ya mwanangu?

Sheria ya shirikisho haikatazi wala hairuhusu. Inaitaka wilaya iamue na iandike. Kuna wilaya zinazokubali kila kitu, zinazokubali vyakula vya dukani vyenye lebo tu, na zinazotaka siku ya kuzaliwa isherehekewe kwa kalamu, vibandiko au dakika za ziada za kucheza. Sababu ya lebo ni mzio: mwalimu hana namna ya kujua kama keki ya nyumbani ina karanga.

Wazazi wetu huumia hapa kuliko mahali pengine, na nawaelewa. Kwetu mtu anayerudishwa na sinia lake la chakula mlangoni ameaibishwa. Kwa mwalimu, aliyekatazwa ni keki na si mgeni, na hajui kwamba mambo hayo mawili kwetu ni kitu kimoja. Soma sehemu hiyo ya sera Agosti, kabla ya siku yenyewe kufika, ili mtoto asishuhudie mzazi wake akirudishwa.

12. Je, chakula ninachomfungia mwanangu nyumbani kinahusika?

Hapana. Chakula ambacho mtoto analetewa kwa ajili yake mwenyewe hakiguswi na viwango vya kitaifa. Ugali, wali na maharage, chapati na dengu, ndagala, vyote ni halali yake. Kikwazo kikubwa ni cha kiutendaji: shule nyingi hazimpashii mtoto chakula, kwa hiyo tumia chupa ndogo ya kuhifadhi joto yenye mdomo mpana, uijaze maji ya moto kwa dakika chache kabla ya kutia chakula.

Jambo moja lichukuliwe kwa uzito mkubwa. Sombe, au kisamvu kama waitavyo Watanzania, mara nyingi hupikwa kwa karanga, na shule nyingi zina meza au madarasa yasiyoingizwa karanga kwa sababu mtoto mwenye mzio mkali anaweza kupoteza maisha. Karanga hazionekani ndani ya sombe. Mwambie mwalimu, au siku za shule mpikie bila karanga.

Mtoto akichekwa kwa harufu ya chakula au kwa kula kwa mkono, usimbadilishie chakula kabla ya kuzungumza na shule. Katika malengo yaliyotajwa katika swali la 1 mna nafasi ya shughuli za kuwafundisha wanafunzi vyakula vya jamii mbalimbali, na ni jambo jema kuomba wilaya iliandike hilo kwa maneno.

13. Maji ya kunywa je, na matangazo ya soda?

Maji safi ya bure ni lazima yapatikane mahali panapoliwa chakula cha mchana. Matangazo shuleni wakati wa siku ya shule yanaruhusiwa tu kwa vyakula na vinywaji vinavyotimiza viwango vya swali la 9. Ubao wa magoli wenye nembo ya soda uliofungwa zamani hautakiwi kung'olewa mara moja, ila unapofika wakati wa kubadilishwa au mkataba kwisha, sharti hilo linahusika.

## Mwili kuushughulisha

14. Mtoto anatakiwa kucheza na kufanya mazoezi kwa dakika ngapi?

Mwongozo wa afya wa Marekani na ule wa Shirika la Afya Duniani unakaribiana: angalau dakika 60 kwa siku kwa watoto na vijana hadi miaka 17. Hizo ni dakika za siku nzima, nyumbani na shuleni. Sheria ya shirikisho inaitaka wilaya iwe na malengo ya mazoezi, lakini haikuweka idadi ya dakika. Hapo ndipo majimbo yanapotofautiana. Texas inataka angalau dakika 30 kila siku kuanzia darasa la awali hadi la 5, au dakika 135 kwa wiki. California inahesabu kwa siku 10 za masomo: dakika 200 kwa darasa la 1 hadi la 6, na 400 kwa madarasa ya juu. Florida iliongeza mwaka 2017 dakika 20 mfululizo za mchezo huru kila siku kwa shule za msingi. Chama cha walimu wa elimu ya viungo, SHAPE America, hupendekeza dakika 150 za somo hilo kwa wiki kwa shule za msingi na 225 kwa zinazofuata.

Somo la viungo na mapumziko ya kucheza ni vitu viwili. La kwanza ni somo lenye mwalimu, mtaala na alama. La pili ni uhuru wa mtoto wa kukimbia na kubuni mchezo wake. Sera nzuri hutaja vyote viwili kwa dakika. Sera inayosema tu kwamba "wanafunzi watapewa fursa za kutosha" haimpi mzazi kitu cha kushika, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ninayoitafuta ninaposoma sera yoyote.

Natilia mkazo swali hili kwa sababu ya watoto wetu wenyewe. Mtoto aliyekulia kambini alitembea kwenda shule, akachota maji, akacheza mpira wa makaratasi mpaka giza likaingia. Hapa anapandishwa basi, anakaa darasani saa 6 au 7, anarudi kwenye nyumba ya ghorofa ambako mzazi yuko kazini zamu ya jioni na ameagizwa asifungue mlango. Kwa mtoto huyo, dakika za shuleni huenda ndizo dakika zake zote.

15. Mwalimu humnyima mwanangu mapumziko kwa kutomaliza kazi. Anaruhusiwa?

Hakuna sheria ya shirikisho inayokataza, lakini wilaya nyingi zimeandika katazo hilo ndani ya sera zao, na baadhi ya majimbo pia. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2013 kikisema mapumziko yasiondolewe kwa ajili ya adhabu wala masomo. Sera ikikataza, mwonyeshe mwalimu mstari wenyewe kwa upole. Mara nyingi hakuwahi kuuona. Isipokataza, hilo ni pendekezo la kupeleka kwenye kamati iliyoelezwa katika swali la 18.

16. Hijabu, mfungo wa Ramadhani, na barua ya uzito: shule inatakiwa kufanya nini?

Binti anaweza kushiriki somo la viungo akiwa na hijabu, suruali ndefu na mikono mirefu. Mwandikie mwalimu mwanzoni mwa mwaka, na taja mapema suala la kuogelea. Wakati wa Ramadhani, omba kwa maandishi mtoto anayefunga apewe mazoezi mepesi na mahali pa kukaa mbali na chakula wakati wa mchana. Shule nyingi hukubali, lakini hazikumbuki zenyewe. Wazazi wasiwazuie mabinti kuingia timu kwa kudhani michezo ni ya wavulana: sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inazitaka shule kuwapa wasichana nafasi sawa.

Kuhusu barua ya uzito, baadhi ya majimbo hupima urefu na uzito wa wanafunzi. Arkansas ilianza kwa sheria ya mwaka 2003. Matokeo hulinganishwa na watoto wa umri na jinsia ileile: anayewazidi asilimia 85 yao huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na anayewazidi asilimia 95 kuwa na unene wa kupindukia. Barua hiyo ni ya kukushauri umwone daktari na haimhukumu mtoto. Usiisome mbele ya ndugu zake. Mahali pengi mzazi anaweza kukataa upimaji kwa barua.

## Kushiriki na kudai

17. Sijui Kiingereza. Nitashirikije?

Shule inayopokea fedha za shirikisho haitakiwi kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa, kwa mujibu wa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliihusisha lugha na ubaguzi huo. Kwa msingi huo wilaya nyingi zina wakalimani. Omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya mkutano, na sema Kiswahili kipi unakielewa, cha Kongo au cha pwani, maana mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira hupoteana kwa urahisi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri malalamiko dhidi ya mwalimu wake.

18. Kamati ya sera ni nini, na mzazi ana nafasi gani?

Sheria inaitaka wilaya iwaruhusu wazazi, wanafunzi, wahudumu wa chakula, walimu wa viungo, wahudumu wa afya wa shule, bodi, wakuu wa shule na wananchi kwa jumla kushiriki kuiandika, kuitekeleza na kuirekebisha sera. Wilaya nyingi hutimiza hilo kwa kamati inayokutana mara chache kwa mwaka, na viti vya wazazi mara nyingi hubaki wazi.

Nenda na ombi moja lililo wazi. "Mapumziko ya kila siku ya dakika 20 yasiyoondolewa kwa adhabu" ni ombi linaloweza kuandikwa na kupigiwa kura. "Watoto wetu hawali" ni kilio cha haki, lakini katibu hajui aandike nini. Mwalike pia mwanafunzi wa sekondari aende nawe, kwa sababu yeye hula pale kila siku.

19. Sera ipo, lakini shule haiifuati. Niende kwa nani?

Andika tarehe na tukio, kisha taja kifungu cha sera. Anza kwa mwalimu au mkuu wa shule, halafu ofisa aliyetajwa katika sera, halafu bodi ya shule, ambayo kwa kawaida hutenga muda wa wananchi kuzungumza katika mikutano yake ya wazi. Omba pia taarifa ya tathmini ya miaka 3 iliyotajwa katika swali la 2, na uangalie kama walisema kifungu hicho kinatekelezwa. Hatua inayofuata ni idara ya jimbo inayosimamia milo ya shule, ambayo hukagua wilaya na kuuliza kuhusu sera hii katika ukaguzi wake.

Kama mtoto amenyimwa chakula au amebaguliwa katika huduma ya chakula kwa sababu ya rangi, asili ya kitaifa, jinsia, umri au ulemavu, malalamiko yanaweza kupelekwa moja kwa moja Wizara ya Kilimo ndani ya siku 180 tangu tukio. Tunza nakala ya kila barua, na picha ya kila ukurasa uliopewa.